Mnoaji Asiye na Barua

Machi 2

Nina miaka sabini na moja. Nimezika mke, nimezika kaka zangu wawili, nimezika fundi aliyenifundisha kunoa na wenzangu wote wanne niliofundishwa nao benchi moja. Viwanda vitatu vya mbao vimekufa mimi nikiwa ndani, nikatoka na tupa yangu mkononi. Meno yangu mwenyewe yamebaki sita. Meno ya misumeno niliyonoa hayana idadi.

Naandika kwa sababu binti yangu anasema nikisimulia jambo natia chumvi. Haya. Nimenunua daftari. Nitaandika na tarehe, na chumvi nimeiacha dukani. Shule niliishia darasa la tatu lakini herufi zangu ni kubwa na zimesimama wima, hazilali chali kama za mkwe wangu.

Mkwe wangu ni wakala wa kazi. Ana simu mbili na kiti cha kuzunguka. Watu wa jimbo letu wakitaka kazi jimbo la pili wanapitia kwake, anawajazia fomu, anawaandikia barua, wanapanda basi. Kiwanda chetu kilipofungwa kwa kukosa miti nikamwambia, "Mimi ni mnoaji wa misumeno. Jimbo la pili magogo bado yapo." Akaniangalia kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi.

"Baba, kwa umri wako labda nikupatie kukaa getini. Tena na hiyo nitaomba nimepiga magoti."

Nikamwambia barua yake aikunje aifanye mto. Nikatoa ahadi mbele ya binti yangu: mvua zikikatika sijapata kazi ya kunoa, waje wanichukue, nitakaa kwao, na neno kazi halitatoka kinywani mwangu mpaka nizikwe. Mkwe akasema, "Sawa, baba." Alisema upesi mno.

Basi limenishusha leo saa nane mchana. Mvua imeanza saa nane na robo.

Machi 3

Nimepata chumba. Kitanda cha chuma, msumari mmoja wa kutundikia, dirisha linalotazama ukuta. Mama mwenye nyumba anafua mashuka ya hospitali. Uani kuna kamba saba, zote zimejaa mashuka yasiyokauka, na ukitaka kwenda chooni unapita katikati yake kama maiti anayetafuta njia ya kutoka.

Ananiita babu. Nikamwambia mimi si babu yake. Akasema, "Haya, kijana, miguu ufute mlangoni."

Machi 4

Mvua.

Machi 5

Kiwanda cha kwanza, kile cha barabara kuu. Nilivaa koti. Mlinzi wa geti akanisalimu vizuri, halafu akanyoosha mkono.

"Barua ya wakala, mzee."

"Sina. Nina hii." Nikamwonyesha tupa.

"Hiyo haisomeki."

"Ipeleke ndani, wenye akili wataisoma."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, lakini geti hakufungua. Nikamwambia zamani kwetu hakuna aliyeuliza barua. Ulipewa msumeno butu, ukanoa, ukafungwa kwenye mashine, mti ukajibu. Mpasuaji akigeuka akauliza, "Nani kanoa huu?" basi umeajiriwa. Mimi niliulizwa hivyo katika viwanda vyote vitatu. Mlinzi akasema, "Hongera, mzee." Nikasimama naye mpaka mvua ikapungua. Alinipa nusu ya mwavuli, hilo siwezi kumnyima.

Machi 6

Mvua. Nimenoa visu vyote vya mama mwenye nyumba na mkasi wake. Hakuniomba. Amejikata kidole, amenifokea. Nimefurahi. Kisu kisichomkata mwenyewe hakijanolewa.

Machi 9

Kiwanda cha pili. Wana mashine ya kunoa. Msimamizi wao ni mstaarabu, alinipa kiti niiangalie. Jino hili sawa na lile, na lile sawa na hili, haichoki, haikohoi. Nikamwambia haina sikio. Akasema, "Kweli, mzee, ndiyo maana hainibishii." Nimerudi kwa miguu.

Machi 10

Mvua.

Machi 11

Mvua. Leo sijasema neno na mtu yeyote. Jioni nikakohoa makusudi kusikia kama sauti bado ipo. Ipo.

Machi 14

Kiwanda cha tatu, kule mto unapokata kona. Kidogo, hakina geti. Nikaingia moja kwa moja mpaka banda la kunolea, maana banda la kunolea nalijua hata nikifumba macho: linanukia chuma chenye moto na mafuta. Ndani kulikuwa na mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, anapiga tupa.

"Mnoaji yuko wapi?" nikauliza.

"Unamwona."

"Nauliza mwanamume."

"Mwanamume alikufa. Alikuwa mume wangu. Misumeno ikabaki inataka kula."

Wanamwita Mama Tupa. Akaniambia nafasi hakuna, kiwanda hiki kina mnoaji mmoja tu na ndiye yeye. Lakini akasogeza kigoda kwa mguu. "Mvua inanyesha, baba. Kaa."

Nikakaa. Anafanya kazi kama mtu anayechambua mchele. Ana kipimo cha bati, kipande kidogo chenye pengo, anakipachika kwenye kila jino kuona limepinda kiasi gani. Kila jino! Nikamwambia kipimo ni fimbo ya kipofu, mimi hupima kwa dole gumba.

"Hilo dole gumba limepasua miti gani?"

"Yote," nikasema.

Hapa naandika kweli. Kwetu ni msonobari tu, mti laini. Maisha yangu yote ni msonobari.

Machi 16 mpaka 20

Nimekwenda kila siku. Nakaa juu ya magogo chini ya ukingo wa paa, naangalia wapasuaji. Siombi kitu, nataka wanizoee. Msimamizi wao wanamwita Radi kwa ajili ya sauti. Juzi akapiga kelele, "Yule mzee pale juu ya magogo ni wa nani?"

Mama Tupa hakuinua hata kichwa. "Mgeni wangu."

Radi akarudi kwenye mashine. Tangu hapo naletewa chai na mimi, kwenye kikombe kisicho na mkono.

Kwa kunoa huyu mama si mbaya. Ni mwoga. Anayafumba meno mno, hayapindi kando ya kutosha.

Machi 22

Jumapili, kiwanda kimefungwa. Nimekaa kitandani nikiangalia ukuta kupitia dirishani. Nimempigia binti yangu.

"Umepata, baba?"

"Wananigombania. Nachagua."

"Kweli, baba?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Akaniambia kwao mvua imeanza kupungua. Nikamwambia huku ndiyo kwanza inachanganya. Hilo halikuwa uongo.

Machi 26

Mvua. Mama Tupa amenifungia kipande cha mkate kwenye gazeti. Nikamwambia nimeshiba. Nimekila njiani kurudi.

Machi 31

Leo nimefanya kazi.

Mama Tupa alikuwa anakwenda kupima presha. Asubuhi aliunoa msumeno mkubwa, ule wa duara unaonifika kifuani, akauacha juu ya benchi. Alikuwa ameumaliza. Alisema, "Wapasuaji watauchukua baada ya chakula," akajifunika nailoni kichwani, akaenda.

Wapasuaji wakaenda kula. Mimi nikaingia bandani kuuangalia tu. Kuuangalia tu, nasema. Nikapitisha dole gumba. Meno yamefumba kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Nikajiambia, jino likifumba hivi gogo litaubana msumeno, watahangaika, watamsema mwanamke wa watu. Koleo la kupindia meno lilikuwa pale pale. Langu niliuza kiwanda kilipofungwa. Nilikuwa sijashika koleo kwa miezi saba.

Nikapinda. Moja huku, moja kule, moja huku, moja kule. Mikono haijasahau chochote. Nikayafungua vizuri, wazi, kama tulivyokuwa tunafanya kwetu. Nikapiga tupa juu yake mara moja moja, nikafuta mafuta, nikarudi kukaa kwenye magogo kabla ya mtu kurudi.

Nilikuwa na mpango wangu. Watakata, mpasuaji atageuka, atauliza, "Nani kanoa huu?" Hapo nitashuka kwenye magogo polepole, bila haraka.

Lakini gogo la kwanza waliloliweka lilikuwa dogo na mchana ukaisha bila mtu kuuliza. Nikasema kesho. Nimetembea kwenye mvua bila kofia, nikiimba. Mama mwenye nyumba akauliza kama nimelewa.

Aprili 1

Leo wameuliza.

Kuna magogo makubwa yaliletwa kwa ajili ya mihimili ya daraja. Mti mwekundu, mzito, ukiugonga unalia kama chungu. Wakaweka la kwanza. Msumeno ukaingia kiasi cha mkono mmoja, ukaanza kutikisika. Mimi niliusikia kabla yao. Wapasuaji wawili wanasukuma gogo, msumeno unatetemeka, unakwenda kushoto, unakwenda kulia, moshi ukatoka. Radi akapiga kelele wazime. Walipozima msumeno ulikuwa umegeuka buluu kwa joto, ukingo wote. Muhimili umepinda kama mkia wa mbwa. Gogo la mti wa namna hiyo hupati jingine kesho.

Mpasuaji mkuu, jitu lenye shingo nene, akageuka. Akauliza kwa sauti ambayo mpaka mlinzi wa barabara kuu angeisikia, "Nani kanoa huu?"

Miaka hamsini nimeulizwa swali hilo na kila mara nimejibu kabla halijaisha. Leo nimekaa juu ya magogo, mikono katikati ya magoti. Ulimi ulikuwepo. Sikuutumia.

Mama Tupa akaja mbio kutoka bandani na kipimo chake cha bati. Akakipachika kwenye jino la kwanza. Kikacheza. La pili, kikacheza. La tatu hakulipima. Akainua macho, akanitazama mimi, hakumtazama mtu mwingine.

Radi akaanza. Alisema mumewe asingefanya hivi. Alisema mihimili ya daraja si vigingi vya mbuzi. Alisema Jumatatu ya tarehe kumi na tatu iwe siku yake ya kufungasha. Yule mama hakujibu hata moja. Nilidhani atanyoosha kidole. Nilikuwa nakisubiri kile kidole. Ningekana, nakiri hapa, jibu nilikuwa nalo tayari.

Aliponipita kurudi bandani alisema maneno mawili, polepole, kama anayesoma.

"Hukuuliza mti."

Swali la kwanza la mnoaji ni hilo. Mnapasua mti gani? Mti laini na mbichi unataka meno wazi, mti mgumu unataka yafumbe. Hata mwanafunzi wa wiki moja anaanza na hilo. Mimi nimewapiga watu makofi kwa kutouliza. Sikuuliza kwa sababu nilishamwambia dole gumba langu limepasua yote. Ningeuliza, wangejua mimi ni mgeni.

Aprili 2

Mvua. Sikutoka.

Aprili 3

Mvua. Sikutoka.

Aprili 4

Mama mwenye nyumba amegonga mlango. "Babu, upo hai?" Nikasema nipo. Akasema, "Nilitaka kujua tu, kwa sababu ya mashuka." Sikuelewa. Ameacha uji nje ya mlango.

Aprili 6

Mvua nyepesi. Binti amepiga simu. Mume wake ana safari ya huku tarehe ishirini na moja, gari litakuwa na nafasi. "Mvua zinaisha, baba. Ulisema mwenyewe." Nikamwambia bado zinanyesha. Akasema, "Basi nitauliza tena."

Aprili 9

Nimerudi kutoka dukani, mama mwenye nyumba ananipokea uani, mashuka mabegani. "Umetafutwa na mtu mwenye sauti kama lori tupu." Alikuwa Radi. Alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, maana kiti hakuna.

Akaniambia wanahitaji mnoaji kuanzia Jumatatu. Ameniona nikikaa pale kila siku na tupa mfukoni. Amesikia nina miaka hamsini kwenye kazi.

"Barua?" nikauliza.

"Barua ya nini? Watu wa mawakala wananiletea wapishi wakisema ni wanoaji. Wewe njoo Jumatatu asubuhi, unoe, tuone."

Ndivyo nilivyopata kazi jimbo la pili. Bila wakala, bila fomu, mvua haijakatika. Nimeandika sentensi hiyo kwa herufi kubwa kuliko zote ili mkwe wangu aisome bila miwani.

Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia, "Nimeandikwa. Mnoaji mkuu. Na wamenifuata wenyewe chumbani." Nikasikia kile kiti chake kinazunguka. Mwishoni akasema, "Hongera, baba. Kweli kabisa, hongera." Miaka kumi na minane ni mkwe wangu, sijawahi kumfunga mdomo hivyo. Niliufurahia ukimya ule kama dakika nne.

Aprili 10

Mvua nyepesi. Nimepiga pasi koti kwa mama mwenye nyumba.

Aprili 11

Nimejaribu kumsimulia mama mwenye nyumba jinsi nilivyopata kazi. Nikaanza vizuri. Nikafika pale Radi alipokuja. Akauliza, "Na yule aliyekuwepo ameenda wapi?" Nikasema amestaafu. "Ana umri gani?" Nikasema sijui. Akaendelea kukamua shuka, mimi nikabaki nimesimama. Simulizi langu halikuwa na mahali pa kuendelea.

Aprili 12

Jumapili. Sikupiga simu. Nimekaa siku nzima na tupa mapajani. Nilifikiri nitazoea. Mtu huzoea mengi, nimezoea chumba kisicho na mke. Halafu nikakifikiria kile kigoda. Kila asubuhi nitakalia kigoda alichokisogeza kwa mguu.

Aprili 13

Naandika mkono ukiwa bado una baridi.

Nilifika mapema. Mama Tupa alikuwa bandani anafungasha, tupa zake amezifunga kwenye kitambaa, kubwa chini, ndogo juu, kama nguo za mtoto. Aliniambia, "Karibu, baba. Benchi lina mguu mmoja mfupi, uweke kibao." Alisema bila uchungu wowote. Angenitukana ningeshukuru.

Nikatoka mpaka kwenye mashine. Wapasuaji wote walikuwepo, Radi anagawa kazi. Nikasema, "Swali lenu la tarehe moja sijalijibu."

"Swali gani, mzee? Njoo uanze kazi."

"Mliuliza nani kanoa. Alinoa yeye, vizuri. Nikaja mimi mkiwa mnakula nikayafungua meno. Mti ule siujui. Sijawahi kuuona. Mimi ni mtu wa msonobari."

Mashine haikuwa imewashwa, kwa hiyo walisikia wote. Shingo Nene akaweka chini gogo alilokuwa amebeba. Radi akanitazama kama vile nimetoka ndani ya ardhi.

"Unasema wewe ndiye uliyeharibu muhimili, halafu ukaja kuchukua kazi yake?"

"Kazi uliniletea wewe, kitandani kwangu."

Hilo bora nisingelisema. Alipasuka. Aliyonitukana siyaandiki, daftari hili linaweza kusomwa na wajukuu. Alisema hata kuzoa unga wa mbao sifai. Alisema nisikanyage pale tena. Wengine walicheka, si wote. Nikachukua koti langu. Sikumwangalia Mama Tupa. Nilisikia tu bandani kitambaa kinafunguliwa, na tupa moja moja zinawekwa tena juu ya benchi.

Mvua ilinikuta njiani, kubwa ya mwisho nadhani. Mama mwenye nyumba alinivua viatu mwenyewe. Nilimwacha.

Aprili 14

Mvua kidogo asubuhi.

Aprili 16

Hakuna mvua. Mama Tupa amekuja. Alisimama uani kwenye mashuka, hakutaka kuingia. Alikuwa na msumeno mdogo wa mkono na kipande cha ule mti mwekundu.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile.

"Ningesema nini, baba? Mimi ndiye niliyekukaribisha."

Halafu akakaa kwenye ngazi, akanipa kipimo cha bati. Jino kwa jino akanionyesha: upana huu kwa mti huu, usizidi hapa. Dole gumba langu lilikataa, akalishika akalirudisha. Tukanoa, tukakata kile kipande. Kikakatika laini, kama sabuni. Nimefundishwa na mtu niliyemzidi miaka karibu thelathini, nikiwa nimevaa kandambili. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitasema.

Nikamuuliza mti unaitwaje. Akaniambia. Jina lake nimelificha kwangu.

Aprili 17, 18, 19

Jua. Mashuka yote yamekauka. Uani kumekuwa wazi, mtu anaonekana kutoka kila upande.

Aprili 21

Mkwe wangu amekuja na gari saa nne. Alikuwa amekuja kunisalimu kazini. Alikuwa na shati jipya ameniletea, la kazi, lenye mifuko miwili. Akanikuta na begi.

"Baba, si ulisema umeandikwa?"

"Niliandikwa. Nikaiacha."

"Kazi uliyoitafuta mvua nzima."

"Ndiyo."

"Bila barua."

"Bila barua."

Akatikisa kichwa polepole. Akalikunja lile shati upya, akaliweka kiti cha nyuma. "Sawa, baba," akasema, kwa ile huruma yake. "Twende nyumbani." Hakuamini kwamba nilipata. Hakuamini kwamba niliacha. Niliposema wananigombania waliamini nusu, na hili ambalo halina chumvi hata punje linaonekana ndilo kubwa kuliko yote. Njiani ameongea na simu zake mbili. Mimi naandika garini, ndiyo maana herufi zimelala.

Ahadi nitaitimiza, neno kazi sitalitamka. Lakini mwanangu, ukilisoma hili usinibishie mimi. Mama mwenye nyumba aliniona narudi tarehe kumi na tatu, anajua nilikuwa nimelowa kiasi gani. Mama Tupa yupo bandani kwake, anajua yote. Shingo Nene alisikia kwa masikio yake mawili. Na Radi msimamizi anajua kuliko wote, ila ukimuuliza atanitukana kwanza. Mwache amalize, halafu muulize tena.